Chatu anashinda kwenye beseni: kuutambua na kuumaliza utitiri wa nyoka

Utitiri wa nyoka hauui kwa siku moja, ndiyo maana wengi huku kwetu Mwanza huugundua ukiwa umeshajaa. Chatu wa kikundi cha ngoma anakaa kwenye sanduku la mbao, analishwa, siku ya mchezo anatolewa, jioni anarudishwa. Hakuna anayemkagua kwa tochi. Siku anapokataa kuku kwa mara ya pili, au anapoanza kulala ndani ya maji, ndipo mwenyewe anatafuta dawa. Na dawa anayoulizia karibu kila mara ni ya kumpaka nyoka, wakati sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye sanduku.

Hapa tutaanza na dalili, moja baada ya nyingine, kwa sababu hicho ndicho unachokiona kwanza. Nawafikiria zaidi wanaofuga chatu kwa ajili ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na maonyesho, kuanzia Kisesa na Magu hadi Ukerewe, ila mengi yanamhusu nyoka yeyote aliyefungiwa. Kibali nachukulia unacho. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitambui utetezi wa "ni nyoka wa ngoma tu".

Anashinda kwenye maji

Chatu kupenda maji si ugonjwa. Porini anakaa kandokando ya ziwa na mabwawa, na anaweza kuzama akabakiza pua tu. Kinachotia shaka ni kushinda humo: umemkuta asubuhi, umemkuta mchana, umemkuta usiku, ukimtoa anarudi. Utitiri uliojibana chini ya magamba unamuwasha na kumnyonya. Akizama, mwingine unazama naye au unamwachia, akapata nafuu kidogo.

Lakini kabla ya kuulaumu utitiri, pima joto. Sanduku lililowekwa chini ya bati huchemka ikifika saa nane mchana, na chatu ambaye anahitaji nyuzi 28 hadi 32 hivi atakimbilia maji kwa sababu hiyo tu. Mhamishie kivulini siku mbili uone. Tazama na macho: yakiwa yamefifia, yana ukungu wa rangi ya maziwa, anakaribia kujivua gamba, na nyoka wengi hulowa kipindi hicho. Jike mwenye mayai naye hubadili tabia.

Kisha tazama maji yenyewe. Mwagia kwenye bakuli jeupe, subiri yatulie. Kama ni utitiri, chini kutakuwa na chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na ukisogeza tochi utaona baadhi zinachezesha miguu.

Tahadhari moja ya huku ziwani. Kuna majira wale wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kwa mamilioni, upepo unawaleta mjini, wanajaa kwenye taa. Ukiwa na balbu juu ya kizimba, asubuhi beseni limejaa vitu vyeusi. Hao wana mbawa na miguu mirefu, hawamfanyi nyoka lolote. Nimeona watu wakimpulizia chatu mzima sumu ya mende kwa sababu yao.

Kuhakikisha kabla ya kutibu

Loweka tishu nyeupe kidogo, mzungushie nyoka shingoni ukiishika kwa kiganja na uivute mpaka mkiani, ukielekea upande ambao magamba yanalala. Ifungue penye mwanga. Chembe nyeusi peke yake haitoshi, inaweza kuwa taka. Ibonyeze kwa ukucha: ikiacha alama nyekundu au ya kahawia, hiyo ni damu ya nyoka wako.

Halafu kagua kichwa. Msaidizi amshike vizuri nyuma ya taya, wewe inua kidevu kuelekea tochi. Katikati ya kidevu kuna mkunjo wa ngozi unaokwenda kwa urefu. Utanue taratibu kwa kidole gumba. Utitiri ulioshiba umekaa humo, mweusi wenye wekundu kwa mbali, unang'aa, mkubwa wake hauzidi sana milimita moja, tumbo limejaa hata miguu haionekani. Ukiugusa kwa ncha ya njiti ya kibiriti hautoki upesi. Wenye njaa ndio wanaokimbia, na hao ni wadogo, wana rangi ya udongo, utawaona kwa sababu tu wanatembea. Baada ya kidevu, pita kwenye ukingo wa jicho, kwenye vile vishimo vilivyo juu ya midomo ya chatu, na mwisho pembeni mwa tundu la haja.

Usipoona kitu na shaka bado ipo, toa matandiko yote, tandika karatasi nyeupe, zima taa. Utitiri huu hutembea zaidi gizani. Rudi usiku na tochi, inua beseni la maji na utazame chini yake.

Kuna kitu, lakini je, ni utitiri wa nyoka?

Chatu aliyetoka porini mara nyingi ana kupe. Kupe ni mkubwa, bapa, ameng'ang'ania sehemu moja kati ya magamba na hatembei-tembei. Huyo mtoe kwa kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kupinda, paka ayodini. Usimpake mafuta ya taa ili "aachie". Ngozi ya nyoka itaumia.

Vidudu vyeupe vinavyotembea taratibu kwenye maranda yenye unyevu havinyonyi damu. Vinakula ukungu. Badilisha maranda, punguza unyevu, yameisha.

Utitiri wa kuku unahitaji macho zaidi, kwa sababu wengi wetu tuna banda la kuku na sanduku la nyoka kwenye ua huohuo. Nao hunyonya usiku, nao hujificha kwenye nyufa, na kwa macho matupu hutautofautisha na wa nyoka. Kagua kuku na vichanja vyao. Kama banda limejaa, litibu hata kama huna uhakika ni upi ulio kwa nyoka, na sanduku lisogeze mbali.

Magamba yameinuka, kuna unga mweupe, anajisugua

Nyoka mwenye afya magamba yake yamelala. Ukiona pembeni mwa jicho yamesimama, au jicho linaonekana limevimba ukingoni, kuna kitu chini yake. Vumbi jeupe juu ya ngozi nyeusi nalo ni alama nzuri: ni kinyesi cha utitiri. Linafutika kwa kitambaa na kesho limerudi, tofauti na vumbi la maranda ambalo limetapakaa kila mahali ndani ya sanduku.

Kujisugua ukutani na kujivua gamba vipande vipande kuna sababu nyingine pia. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa yetu inakauka, na sanduku lisilo na maji ya kutosha litaleta shida hiyo bila kidudu hata kimoja. Kwa hiyo dalili hii peke yake isikupeleke kwenye dawa. Ikifuatana na kushinda majini, basi hakuna haja ya kuhoji sana.

Amelegea, hali, mdomo umepauka

Hapa umeshachelewa, na mpango unabadilika. Fungua mdomo: ndani kunatakiwa kuwe na wekundu hafifu, ukikuta kweupe, damu imepungua. Nyoka wa namna hii asichomwe sindano yoyote na mtu asiye daktari wa mifugo. Mwogeshe, mweke pasafi penye joto sahihi, mpe maji, mpeleke.

Utitiri pia unaweza kusambaza bakteria wanaoitwa Aeromonas, na maambukizi hayo yakiingia kwenye damu au mapafu nyoka hufa haraka. Ukiona mate mazito, povu mdomoni au pumzi yenye mlio, usisubiri. Na kuna ugonjwa wa virusi wa chatu na maboa ambao unamfanya nyoka atapike chakula, apoteze uwiano, kichwa kigeuke kutazama juu. Utitiri unashukiwa kuusambaza. Huo hauna tiba. Nyoka mwenye dalili hizo atengwe moja kwa moja.

Kwa nini unajaa ndani ya sanduku na si porini

Utitiri huu, jina lake la kisayansi Ophionyssus natricis, haumalizi maisha yake mwilini mwa nyoka. Jike hunyonya, hushuka, hutafuta ufa wenye giza na unyevu, hutaga humo. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi nne. Kinachotoka kina miguu sita na hakili kitu. Kinajivua, kinapata miguu minane, ndipo kinamtafuta nyoka. Kikishiba kinashuka tena, kinapita hatua nyingine isiyokula, kinakuwa kikubwa. Kwenye nyuzi 25 hadi 30 mzunguko wote unaweza kuisha kwa wiki mbili hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 60 hadi 80 maishani mwake.

Porini chatu hulala shimoni siku kadhaa kisha anaondoka. Mayai yanaanguliwa, nyoka hayupo, mengi yanaishia hapo. Ndani ya sanduku nyoka yupo kila siku, na Mwanza haina baridi ya kuupunguzia kasi. Kumbuka pia kwamba mkubwa anaweza kuishi hadi siku 40, na wadogo wenye njaa hukaa wiki kadhaa bila kula. Kuliacha sanduku tupu wiki moja ukidhani utakufa kwa njaa ni kupoteza muda.

Kutibu: anza na sanduku

Kama ni sanduku la mbao la fundi wa mtaani, lenye viungio vya misumari na bawaba zilizoachia nafasi, ushauri wangu ni ulichome. Najua limegharimu. Lakini mbao ina nyufa ambazo hakuna dawa inayozifikia, na zile inazozifikia mbao inainywa sumu na kuirudisha kwa nyoka pole pole. Nunua kontena kubwa la plastiki lenye mfuniko wa kubana, toboa matundu madogo ya hewa, tandika karatasi. Ni baya kulitazama na wageni hawatalisifu, ila kidudu kikiwepo utakiona.

Kizimba cha zege au matofali kinatibika. Toa kila kitu. Matandiko na vipande vya gamba vitie kwenye mfuko, funga, choma siku hiyohiyo. Mwagia kuta na sakafu maji yanayochemka, ukisisitiza kwenye kona na chini ya fremu ya mlango. Joto linalozidi nyuzi 50 huua utitiri na mayai. Jiki husafisha uchafu na bakteria, lakini usiitegemee kwa mayai. Zibeni nyufa kwa saruji au silikoni, acheni pakauke kabisa. Mawe ya mapambo, ambayo hatuyakosi kwetu, yachemsheni. Gogo litupeni.

Magunia ya kumbebea chemsha au choma. Watu wanalisahau gunia, halafu wanashangaa.

Kisha nyoka

Mwogeshe kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, kina cha kumfunika mgongo, nusu saa, mtu akiwa pale. Utitiri mwingi utazama, ila ulio kichwani utabaki, kwa kuwa kichwa hakizami muda wote. Huo uupake mafuta ya kula kidogo sana kwa pamba kuzunguka macho na kwenye mkunjo wa kidevu, yanauziba pumzi. Usijaze puani. Na usimpeleke ziwani kumwogesha: atakutoroka, na wewe uliyesimama kwenye maji mafupi utarudi na kichocho.

Dawa inayotumika sana ni ivamektini, ile ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 inayopatikana maduka ya dawa za mifugo. Kila mililita ina miligramu 10, na kipimo cha nyoka ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, hurudiwa baada ya wiki mbili. Piga hesabu uone hatari ilipo: chatu wa kilo 10 anahitaji mililita 0.2 tu, wa kilo 3 anahitaji 0.06. Sindano ya kawaida ya ng'ombe haiwezi kupima hivyo, na nukta ikihama mara moja umempa mara kumi. Mpimeni kwenye mizani, msikadirie kwa macho, na achome daktari kwa sindano ya mililita moja. Soma chupa pia: kuna ivamektini iliyochanganywa na klosuloni kwa ajili ya minyoo ya ini, hiyo siyo.

Kwa wengi njia ya kupuliza ni salama zaidi. Mililita 0.5 ya dawa hiyo kwenye lita moja ya maji, yaani miligramu 5 kwa lita. Haichanganyiki vizuri na maji, kwa hiyo tikisa kila unapopuliza. Toa beseni la maji, mpulizie nyoka mwili ukiepuka macho na mdomo, pulizia na chombo chake, acha vikauke, ndipo urudishe maji. Rudia kila baada ya siku tatu hadi tano kwa wiki nne. Siku ya nne utaona hakuna kidudu na utataka kuacha. Endelea.

Kobe asiguswe na ivamektini kabisa, si kwa sindano wala kwa mvuke wa chupa. Inamuua. Kama unafuga wote wawili kwa maonyesho, kobe atoke chumbani kabla hujafungua dawa.

Sasa dawa za josho. Ukanda wetu ni wa ng'ombe, kila nyumba ina chupa, na wazo linakuja lenyewe: kama inaua kupe wa ng'ombe itashindwa utitiri? Haishindwi, lakini inamuua na nyoka. Zile za jamii ya klofenvinfosi na dikloravosi zinashambulia mishipa ya fahamu, na nyoka aliyefungiwa anavuta hewa hiyohiyo usiku kucha. Mafuta ya taa, oili chafu na maji ya tumbaku viingie kwenye kundi hilohilo. Akianza kutetemeka au kugeuka tumbo juu baada ya kupakwa kitu, mwoshe kwa maji mengi ya uvuguvugu, mtoe kwenye hewa safi, mpigie daktari.

Umetibu na umerudi

Ukirudi ndani ya siku chache, haukuwahi kuondoka: kuna mahali hukuchemsha, au mayai yaliyokuwepo yameanguliwa baada ya dozi ya kwanza na hukufuata na ya pili. Ukirudi baada ya miezi, umeletwa. Hapo fuatilia nyendo. Mjusi-kafiri anayeingia kizimbani si wa kupuuzwa, maana utitiri huu umewahi kukutwa hata kwa mijusi. Lakini mimi huanza na watu: nani alimshika chatu wa kikundi kingine akarudi kumlisha wa kwenu bila kubadili nguo?

Msimu wa ngoma baada ya mavuno ndio msimu wa kuambukizana. Bagika na Bagalu, pande mbili za wacheza ngoma wa Kisukuma zinazoshindana, wanakutana, sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora zinakusanya vikundi, nyoka wanalazwa kwenye chumba kimoja, magunia yanaazimwa. Manju, yaani kiongozi wa ngoma wa kikundi, akubali jambo moja gumu: chatu mwenye utitiri haendi kwenye mashindano, hata kama ndiye anayewapa ushindi. Walioenda, wakirudi wakae pembeni kwenye karatasi nyeupe mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na waliobaki nyumbani.

Nyoka mpya kutoka porini akae peke yake miezi mitatu, chumba kingine, na ahudumiwe wa mwisho kila siku. Huyo ndiye wa kukaguliwa kidevu kila wiki. Ukiona chembe moja, tibu wote walioko chumba hicho.

Swila, kifutu na wenzao

Mambo ya tishu na kidole gumba sahau. Nyoka wa sumu anahamishwa kwa ndoano hadi kontena lenye mfuniko wa wavu, anapuliziwa kupitia wavu, na anayepuliza avae miwani inayofunika macho yote, kwa sababu swila anayetema atatema. Kuoga ajiogee: weka beseni zito la maji ndani ya kontena, mwache. Uthibitisho utaupata kwenye maji na kwenye karatasi, si mwilini.

Mchezaji ana vipele

Vipele vidogo vyekundu vinavyowasha, shingoni na mabegani pale chatu anapokaa wakati wa kucheza, vinaweza kuwa ni utitiri huohuo. Humng'ata binadamu lakini hauishi kwake. Oga kwa sabuni, fua nguo za ngoma kwa maji ya moto, anika juani. Vipele vitapotea vyenyewe nyoka na kizimba vikishatibiwa. Vikiendelea kuongezeka wakati chatu ni msafi, hiyo ni kazi ya zahanati.